Kabati Ngazini

Santuri mia tatu zilishuka Kemi kwa basi la usiku,
maboksi sita, pembe zimelowa theluji.
Dereva akanidai nauli ya watu wazima wawili
kwa sababu, alisema, yamekalia viti viwili.
Nikalipa. Duka langu lilikuwa dogo,
Novemba ilikuwa inalifungia jua mlango saa tisa alasiri,
na nani angetoka katika giza lile
kununua kelele za vijana wanne
ninaowajua tangu walipokuwa wakiniibia peremende?

Jaladani: lango la kiwanda cha karatasi, kutu,
na jina la albamu kwa herufi nyekundu, Zamu ya Tatu.
Ilpo, mpiga gitaa, seremala mchana,
alizipanga rafuni mwenyewe
akizipangusa moja moja kwa mkono wa sweta
kama anayemwandaa mtoto siku ya kwanza ya shule.

Ijumaa likafika gazeti la Helsinki.
Bwana Fagerlund alikuwa ametutupia mistari kumi na minne
chini ya tangazo la viatu vya mpira.
Nilimsomea Ilpo, maana miwani yake imevunjika,
au alisema imevunjika:
"Kusikiliza albamu hii ni sawa na kusikiliza
kabati likianguka kwenye ngazi.
Katika wimbo wa tano mwimbaji anakohoa.
Ndicho kipande pekee chenye mdundo unaoeleweka."

Ilpo hakusema kitu. Akachukua kofia.
Taisto wa ngoma alicheka hadi akakaa sakafuni,
kisha, akiwa bado sakafuni, akaacha kucheka.

Kizuri chajiuza, husema watu.
Wiki nzima niliuza nakala mbili.
Moja kwa Aune, mama yake Ilpo,
ambaye masikio aliyaacha kiwandani miaka mingi.
Alitaka niiweke papo hapo,
akalaza kiganja juu ya spika
upande wote wa kwanza, akiitikia kwa kichwa.
"Hii naijua," akasema. "Ni mashine namba mbili
inapokaribia kukata karatasi."

Sijui alimwambia nani kwenye foleni ya maziwa.
Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
sijawasha hata taa,
wanaume wa zamu ya usiku wamesimama nje,
vumbi la mbao kwenye nyusi,
na wa kwanza, mkubwa kama friji, anaona haya:
"Mama, nipe lile kabati."
"Kabati gani?"
"Linaloanguka."

Hadi Krismasi hakuna aliyelitaja jina la jaladani.
Kabati moja. Makabati mawili, moja la shemeji yangu, yuko Oulu.
Msichana mmoja alirudisha lake,
eti kwenye kikohozi pana mkwaruzo.
Nikambadilishia.
Baadaye nikagundua mkwaruzo ulikuwa wa koo lenyewe.

Nilipompa Ilpo hesabu, zimebaki kumi na moja,
nilidhani atafurahi.
Alizihesabu noti, akazihesabu tena.
"Huyo Fagerlund," akasema mwishowe, "amewahi kweli
kusikia kabati likianguka?
La kwangu halilii hivyo.
Miguu naiunga kwa gundi na vigingi,
sitii msumari hata mmoja.
Liangushe ghorofa tatu..."
na akagonga kaunta yangu kwa vidole,
mara moja, mara mbili, akisikiliza,
akainama kuchungulia chini yake.
"Hii nani alikutengenezea?"