Kiraka Kando ya Ngazi

Mimi huitwa wa mwisho.
Watu huanza na maji, kisha mbolea ya mfuko wa buluu,
kisha mbegu, kisha maji tena,
kisha shemeji anayejua kila kitu.

Hruska alinipigia Agosti, siku isiyo na upepo,
Cedar Rapids nzima ikinukia uji wa shayiri wa kiwandani.
"Ni kiraka tu," alisema. "Kando ya ngazi. Hakuna haraka."

Nimeizoea hiyo "tu".
Kiraka kilikwisha kuula uga wote
hadi kwenye sanduku la barua.

Fundi wa garimoshi, mstaafu.
Miaka thelathini na minne akiitega injini sikio
kwa fimbo ya chuma, akitaja ugonjwa wake kabla haijapasuka.
Kwake, kumwita mtu aje kutazama majani
ni kama kumwita mtu aje kumfunga kamba za viatu.
Alinipokea na soksi nyeupe, bila viatu, mikono nyuma.

"Nayamwagilia asubuhi na jioni.
Yanakunywa, hayashibi."

Nikapiga magoti. Sisemi kabla sijagusa.
Nikachomeka bisibisi: ikazama mpaka kwenye mpini,
udongo laini kama mkate uliotiwa chai.
Basi si ukame.
Nikashika majani kwa ngumi, nikavuta polepole,
na uga ukanyanyuka,
wote,
kama zulia la mtu anayehama.

Chini yake, mabuu.
Meupe, manene, yamejikunja kama walalao na baridi,
kumi na tisa pahali pa sahani moja.
Mzizi hata mmoja.
Majani yalikuwa yamesimama kwa mazoea.

"Mbona yalikuwa mabichi hadi Julai?"

Kiu na kukosa mizizi huvaa rangi moja, nikamwambia.
Mwenye kiu ukimnywesha, huamka.
Huyu ulikuwa ukimpa maji, koo limekwisha kuliwa.

Akanyamaza. Kisha, kama mwanafunzi:
"Kulikuwa na dalili?"

Kunguru waliofukua alfajiri.
("Nilidhani wamekipenda kivuli changu.")
Rakuni waliokunja kingo za nyasi usiku.
Pale ambapo mguu huzama kama juu ya godoro.
Na mbawakawa waliogonga taa ya baraza mwezi Juni,
tap, tap, mmoja baada ya mwingine.

"Nilizima taa," akasema, "nipate usingizi."

Ndipo nilipoiona soksi.
Doa chini ya kidole gumba,
kubwa kama kizibo cha soda, pembeni limegeuka manjano.
"Umekanyaga nini?"
"Wapi?"
Akautazama mguu wake kama mali ya jirani.
"Haiumi," akasema, kwa majivuno kidogo.
"Tangu Pasaka huko chini hakuniumi kitu."

Mimi najua nyasi. Sina cheti cha miguu.
Ila nilikuwa bado nimeushika ule uga mkononi,
mwepesi, bila kitu chini yake.

Nikaandika bei: dawa ya mabuu, kutoboa udongo,
mbegu mpya wiki ya kwanza ya Septemba.
Nikageuza karatasi, nikaandika namba ya zahanati
ya barabara ya pili, wanapomtibu mama yangu sukari.
"Siteremshi mashine," nikasema, "kabla hujapiga hii ya nyuma."

"Unanitisha kwa majani yangu mwenyewe?"

"Ndiyo, Bwana Hruska."

Akacheka, akakohoa, akaingia ndani kutafuta miwani.
Nilingoja kwenye ngazi. Nilimsikia akitaja jina lake,
herufi moja moja, mara mbili, sauti imeshuka.

Sikumtoza mbegu.

Oktoba ikaja picha kwenye simu.
Nyasi changa, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga,
udongo ukionekana katikati yake,
na kwenye kona ya picha, bendeji, na ncha ya mkongojo.
Chini yake ameandika:
"Vimebaki tisa. Yameota."