Kipindi cha Sita, Alhamisi

Ratiba inanipa vipindi sita
kwa miaka mia nne na nchi yenye bahari mbili.
Nikamwambia prefe: hata bukari
haiivi kwa haraka hiyo, baba.
Akacheka, akanipa chaki mbili, moja kipande.

Ubao wetu ulipasuka mwaka ule wa mvua ya mawe.
Nikichora Amerika, Florida huangukia ukutani,
penye chokaa inayobanduka,
na watoto wa Katuba hucheka
kana kwamba ni mimi niliyeivunja.

Kipindi cha kwanza: waliokuwepo kabla ya meli.
Cha pili: azimio la uhuru. Nasoma taratibu,
watu wote wameumbwa sawa,
na Numbi, aliyevaa shati la kaka yake, ananyoosha mkono:
"Mwalimu, walipokuwa wakiandika hayo,
nani alikuwa jikoni?"
Nilikaa juu ya meza.
Nikawaambia waliandike swali hilo daftarini,
kwa wino, lisifutike.

Cha tatu ni pamba. Hapo sikuhitaji ramani.
Mujinga alisema nkambo wake, mzaa mama, huko Kongolo,
alilimishwa pamba na Wabeleji,
uzito wa kikapu aliujua kwa mgongo, si kwa mizani,
na mpaka anakufa hakutaka shuka nyeupe kitandani.
Tukanyamaza. Nje muuza makala
alikuwa akigombana na mnyororo wa baiskeli yake.

Cha nne: dhahabu ya California.
Ah, hapo nyuso ziliwaka!
Wavulana wa Ruashi walitaka kujua kila kitu,
kina cha mashimo, bei ya sepetu,
kama walinzi wa mgodi walikuwa na mbwa.
Odilon akauliza:
"Na udongo ukimwangukia mtu, jeneza alilipa nani?"
Vitabu vyangu havisemi.
Nikamjibu, nitatafuta.

Cha tano alikuja mkaguzi, akakaa nyuma,
suti ya kijivu, magoti yakigonga pupitri.
Mpango wa masomo una mstari mmoja tu hapo:
1945, mwisho wa vita.
Nikageukia ubao, nikaandika
Shinkolobwe
nikasubiri.
Aliyesimama ni Kyalwe, yeye asiyesimamaga kamwe.
"Ni kwetu, upande wa Likasi.
Babu wa baba yangu alibeba magunia pale.
Hawakumwambia yanakwenda wapi."
"Yalikwenda Amerika."
"Na kutoka Amerika?"
Nikachora visiwa, mbali, mashariki kabisa,
na chaki ikaniishia vidoleni.

Mkaguzi aliandika: mwalimu ana bidii,
ila ametoka nje ya somo.

Nimepatafuta huko nje ya somo.
Nikifungua mlango naona bomba la moshi la kiwanda
na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba;
nikienda sokoni, mama anayenipimia unga
anatumia kopo la mafuta lenye bendera yao,
mikono miwili ikisalimiana, rangi imechubuka.
Nikifika naye nitamwandikia barua.

Leo cha sita. Umeme umekatika,
mvua inapiga mabati hadi sijisikii.
Imebaki miaka sabini na dakika arobaini.
Napiga kelele kama mnadi wa mitumba:
maandamano! mabasi! mtu mwezini!
Nusu wananakili, nusu wanaangalia ndoo
tuliyoitega chini ya tundu la paa.

Kisha naita majina.
Numbi, yupo. Mujinga, yupo. Kyalwe, yupo.
Odilon.
Binamu yake anasema, Kolwezi, tangu Jumatatu,
shimoni, anatafuta minervali ya muhula.
Daftari lake ameliacha chini ya benchi.
Nimelifungua. California ipo yote,
mwandiko umelala vizuri,
hata bei ya sepetu, ambayo mimi niliikisia tu.
Chini yake ameacha mistari mitatu mitupu
na pembeni, kwa penseli:
jeneza — mwalimu atatafuta.