Kitabu cha Motokari

Ilifika Bukavu na kitabu chake,
kurasa mia nne kwa lugha ya watu wa theluji.
Binamu yangu Cishugi, aliyesomea huko,
alinitafsiria sura moja kwa simu
usiku tatu mfululizo, hadi yuniti zikaisha:
Kuendesha Penye Barafu.

Nilicheka. Barafu niijuayo mimi
inauzwa Nyawera ndani ya mifuko,
ina ladha ya tangawizi.

Kisha Novemba ikafungua mabomba yake.
Udongo mwekundu wa Muhungu ukalainika
kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni.
Nikachukua kalamu.
Kila palipoandikwa theluji nikaandika tope.

Soma sasa:
Mguu wako usiwe na hasira.
Tope halipendi ghafla.
Acha nafasi mara tatu mbele yako
(mwenye pikipiki akiingia humo, acha nyingine).
Ukiachia kanyagio, gari hujivuta lenyewe
kurudisha moto kwenye betri;
punguza mvuto huo kabla ya mteremko,
usije ukageuka abiria kwenye usukani wako.

Kitabu kinasema baridi hula betri.
Yangu huliwa na giza la mtaa.
Umeme hurudi saa nane za usiku,
naamka kuichomeka
kama mtu aliyeitwa na kichanga.

Jumanne nilibeba trei sita za mayai
na Mama Nsimire mwenyewe, kiti cha nyuma,
mgongo wake kwenye joto lililotengenezewa wazungu.
“Shofa, hii motokari iko inanyamaza sana.”
Kweli. Tulisikia mayai yakisalimiana.

Kwenye kona iliyo chini ya bomba la maji
magurudumu yakaacha kunijua.
Mtaro upande wa kulia, mdomo wazi.
Mguu wangu ulitaka freni, uliitaka
kama ulimi utakavyo jino linalouma.
Nikaunyima.
Nikatazama ukuta wa bluu wa kinyozi, pale njia inapopindia,
ukuta tu, ukuta tu,
mikono ikafuata macho,
gari likafuata mikono,
polepole, kwa aibu.

Mayai mawili yalipasuka.
Nililipa moja, tukabishana juu ya la pili.

Jioni nilikwangua tope kwenye kioo
kwa kile kiplastiki nilichokikuta chini ya kiti,
chenye ukingo uliolika:
kuna mtu kule alikitumia asubuhi nyingi nyeupe
kabla ya kwenda kazini, akiwa amechelewa.

Neno moja lilinishinda, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili:
barafu nyeusi, ile isiyoonekana.
Cishugi alisema, hiyo kwenu haipo.
Nikaacha pengo.
Leo alfajiri, barabara ya Nguba, nimelijaza:
mazuti ya lori juu ya lami iliyolowa.
Inang’aa rangi zote.
Usiiangalie kwa uzuri wake.