Jalada la Kumi na Saba

Wanakamati wamenipa mwaka mmoja na penseli mbili.
Wino hauruhusiwi humu ndani.
Wanataka kitabu cha kikosi: nishani,
kombe la mpira la mwaka hamsini na tatu,
bendi ikipita barabara kuu ya Jinja,
maafande wameketi, paka wa mesi miguuni pao.
"Mahakama za kijeshi," alisema Meja mstaafu Nyeko,
"ziguse tu. Ukurasa mmoja. Nidhamu ilikuwa nzuri."

Basi nashuka kila asubuhi chumba cha chini, Entebe,
ambako unyevu wa ziwa hupanda ukutani bila kubisha hodi,
na Bi Nakimuli huniletea majalada kwa toroli la hospitali,
gurudumu moja likilia.
Kamba zimeoza. Nafungua, nakohoa, nanakili:
aliyelala lindoni,
aliyeuza blanketi la serikali,
aliyempiga koplo kwa sufuria, na sufuria yenyewe
imeorodheshwa, kielelezo cha kwanza, *imebonyea*.

La kumi na saba ni Andama, mtu wa Terego.
Kosa: kutoroka kambi siku kumi na moja.
Shauri zima limeandikwa Kiingereza, isipokuwa majibu.
Una hatia?
Ndiyo afande.
Ulijua kuwa ni kosa?
Ndiyo afande.
Una la kujitetea?
Ndiyo afande.
Na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka ya chakula cha mchana:
mshtakiwa hana la kusema.

Lakini alisema ndiyo.

Kiswahili hiki mimi nilikipata Bombo, kwa bibi
aliyekikoroga na Kinubi chake sufuria moja;
najua kugombea bei nacho, kutania nacho, kulilia nacho.
Andama alipimiwa, kama mgawo wa chumvi:
simama, geuka, beba, kimbia, funga mdomo.
Maneno ya kupokea. La kutoa alipewa moja.
Kilugbara kilibaki getini
pamoja na nguo alizokuja nazo.
Mkalimani?
Panapoandikwa jina la mkalimani pamepigwa mstari.

Alikamatwa kivukoni Pakwachi, akielekea kusini.
Nimeinamisha taa, nimesoma tena: kusini.
Kambi iko kusini.
Mtoro gani huyu anayekamatwa njiani kurudi?

Kuna karatasi ya daktari, ndogo kama tikiti ya basi:
moyo mzima, mapafu mazima, anaweza kuadhibiwa,
*nywele zimenyolewa zote, karibuni*.
Nikatoka nje nikampigia Candiru, auzaye vitenge Arua.
Nilimsomea mstari huo mmoja tu.
Nikasikia soko nyuma yake, mtu anaita bei ya muhogo.
Kisha akauliza: "Nani alikuwa amekufa?"

Sijui. Hakuna aliyeuliza.
Hata hukumu siijui: panya ameila.
*Miezi*, halafu tundu, halafu sahihi.

Kwenye rasimu nimemweka baada ya kombe la mpira:
jina lake, ndiyo zake tatu, na upande aliokuwa akielekea.
Meja atamkata. Nimeandika kwa penseli, itafutika kirahisi.
Bi Nakimuli anauliza kama nafunga leo.
Bado, nasema. Gurudumu linalia.
La kumi na nane: kijana, jozi moja ya buti,
na penseli yangu ya pili imebaki urefu wa kidole gumba.