Kidole cha Mwisho

Nilidhani ni kitenge cha mteja.
Nikainua pasi, nikakagua pindo: salama.
Harufu ikabaki, ya unyoya wa kuku motoni.
Nikatazama chini, kumbe ni kidole changu,
kile cha mwisho, cha mkono wa kushoto,
kimeegemea chuma, kimya,
kama mtoto aliyesinzia mahali si pake.

Hakikuuma.
Ningelia kingeuma. Hakikuuma.

Nikashuka Kadutu kwa miguu, matope yakishuka nami.
Muuguzi Zihalirwa akanifunga macho kwa kitambaa,
akanigusa kwa ncha ya kalamu: hapa? na hapa?
Nikaitikia hata pale ambapo hakugusa,
kwa aibu, kama mwanafunzi anayekisia.

Ukoma. Alilitaja neno mara moja tu.
Kisha akachora nyuma ya karatasi ya dawa:
"Mama Nsimire, wewe ni fundi, utanielewa.
Mshipa wa fahamu ni uzi, na uzi huu una bitana.
Bitana si pambo; ndiyo inayoupikia uzi.
Huchukua sukari ya damu, huichemsha,
huulisha uzi kijiko kwa kijiko,
toka kiwikoni hadi ukuchani.

Sasa mgeni ameingia ndani ya bitana.
Hakuja na panga. Hana haraka,
atakaa miaka bila kugonganisha kikombe.
Hupenda penye ubaridi: sikio, kiwiko, vidole.
Sukari anaila yeye,
na mwenye nyumba anamgeuza mtunza mafuta yake.
Bitana inanenepa, inajaa matone,
na uzi, humo humo ndani, unalala njaa."

Nikacheka bila kutaka.
Mgeni huyo namjua, nikamwambia.
Wakati wa vita askari wanne walikaa sebuleni kwetu.
Mama alisonga bugali asubuhi na jioni;
majirani waliona moshi wetu
wakatuonea wivu.
Sisi tulikunywa maji ya chumvi, tukalala.

Miezi kumi na miwili ya vidonge.
Mkojo mwekundu, ngozi yangu ikazidi weusi,
mke wa mchungaji akaja kuchukua nguo zake
kabla sijazishona.
Mgeni ametoka, anasema Zihalirwa, ametoka kabisa.
Lakini nyumba ikiisha kufunguliwa,
aliyekondeana ndani hanenepi siku hiyo hiyo.
Wengine hawanenepi tena.

Siku hizi pasi anaishika Cikwanine, binti yangu.
Mimi nakata, napima, na jioni
nawasha taa nikahesabu vidole na vidonda
kama mwenye mbuzi anayefunga zizi.

Jana sindano ilipita kwenye kile cha mwisho.
Kiliuma, kidogo, kwa mbali,
kama mtu anayeita toka ng'ambo ya bonde.
Au nilikisia,
kama siku ile ya kalamu.
Sijamwambia mtu.
Nimeacha tone la damu kwenye kitambaa, sijalifua.