Sufuria ya Gerezani

Fundi Sekilindi aliigonga kwa kifundo cha kidole,
ikalia kama kengele ya shule.
"Hii, mama Mwanaidi, utamwachia mjukuu."
Nikatoa elfu kumi na nane, nikaibeba hadi Tandika.

Wiki ya kwanza wali: haikusema kitu.
Wiki ya pili mchuzi wa ukwaju.
Nikapitisha kidole ndani, kikatoka kijivu.
Ukwaju hauna siri, ulishaisuta.

Nikarudi saa saba mchana, sufuria kwapani.
Tanuri limeachama:
pistoni, rejeta, mabaki ya betri,
bati lenye rangi ya zamani, sijui la nini,
vyote vinalainika, vinasahau majina yao.

Sekilindi alikuwa anakula.
Kwenye chungu.
Chungu cha udongo kilichofungwa kwa kitenge,
maharage ndani, kijiko cha mti.

Sikumuuliza.
Yeye ndiye aliyesogea kwenye benchi.
"Karibu," akasema, macho kwenye maharage,
"mke wangu hizi kazikataa."

Nikanawa, tukala.
Yalikuwa na ladha ya moshi, basi.

Hela haikurudi.
Siku hizi Mwanaidi ananung'unika jikoni,
chungu kinachelewa, shule haimsubiri.
Namwambia chungu kina uvivu wake,
na tumbo lako, mwanangu, si tanuri.

Sufuria ipo uani, nimeitoboa matundu matatu,
nimepanda asumini, isiyoliwa na mtu.
Mvua ikigonga ukingo wake
bado inalia vizuri.