Jaribio la Kumi na Tisa

Kyungu, ulitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata;
ndiyo maana wewe una haraka na mimi nina daftari.

Usiku huu niko Kasapa, maabara ya chini.
Bomba la kioo, urefu wa mkono wangu,
nimeliziba kwa moto ncha zote mbili.
Huku kuna kipande cha potasiamu, laini,
hata kisu cha siagi kingekikata.
Kule kuna grafiti, ukurasa juu ya ukurasa,
ndugu ya ile ya penseli tuliyoilamba Katuba
hadi Mama akatukamata kwa midomo myeusi.

Kuwasha moto si kazi. Yeyote huwasha.
Kazi yangu ni tofauti kati ya mioto miwili.
Upande wa potasiamu, digrii mia mbili na hamsini,
isipande, isishuke.
Upande wa grafiti ndipo ninapochagua.
Joto likilingana, mvuke huingia kila pengo,
mgeni mmoja kwa kaboni nane,
na weusi unageuka dhahabu.
Nikiongeza mia moja na ushei
mgeni huingia pengo hili, huruka lile,
na dhahabu hugeuka buluu,
buluu ya sketi yangu ya shule kabla haijafuliwa mara nyingi.

Unaikumbuka nyumba yetu, pazia baada ya pazia?
Walipofika watu wa Baba kutoka Malemba, kumi na mmoja,
na kuku wao, na kikohozi chao,
Mama hakuwalaza ovyo.
"Nyumba si gunia," alisema,
akahesabu vichwa, akahesabu mikeka,
chumba hiki wageni, kinachofuata kiachwe kipumue.
Na kuta zilisogea, Kyungu. Ninaapa zilisogea.
Nilidhani ule ni ukarimu.
Ulikuwa kipimo.

Tena aliwapenda waliojua kuondoka
alfajiri, wakarudi jioni na unga.
Betri ni hivyo hivyo tu:
mgeni anayetoka ndiye anayewasha taa.

Saa saba na dakika kumi umeme ukakatika.

Jenereta ina kila kitu isipokuwa mafuta.
Nikalifunika tanuri kwa blanketi langu mwenyewe,
nikaandika joto kila dakika tano kwa tochi ya simu:
mia mbili na kumi, mia moja tisini, mia moja arobaini na mbili,
ncha moja ikipoa haraka kuliko nyingine,
tofauti yangu ikiniponyoka kama wali wa moto kiganjani.

Ndipo ukapiga, kutoka Kolwezi.
Ukasema mashine ya depo imeandika moja nukta mbili
na wewe unalijua jiwe lako, ni tatu,
umelibeba mgongoni, mgongo haukosei.
"Kilo ni zangu," ukasema, "asilimia ni yao."
Ukacheka. Mimi sikucheka.
Ukauliza: hiyo yako, inanunuliwa?

Haiuzwi. Hata haishikiki:
ikionja hewa inawaka, au inarudi kuwa masizi.
Ila idadi yake, Kyungu, hakuna mnunuzi wa kuikunja.
Nane ni nane. Ishirini na nne ni ishirini na nne.
Rangi yenyewe inasema, mbele ya kila mtu,
na mimi ndiye niliyeiambia iseme nini.

Au ningeiambia, umeme ungekuwepo.

Kumekucha. Nimelishika bomba dirishani:
ncha dhahabu, katikati buluu,
mkiani nyeusi tii, hapajaingia mtu.
Profesa Nkonko atasema livunjwe, mirija si ya bure.
Nimeandika: *Jaribio la 19. Limeshindwa. Sababu: umeme.*
Kisha, kwa penseli, nikalichora lote,
kila mpaka mahali pake,
mahali mgeni aliposimama mlangoni
taa ilipozimika.